"Husband" ni kamba ya nyumba? Jibu kwa dada wa Animal Husbandry

Kuna dada kaniandikia, ni afisa mifugo, anasema kwenye harusi ya binamu yake MC alishika maiki akawaambia watu neno "husband" ni "house" na "band" yameunganishwa, yaani mume ndo mkanda unaofunga nyumba isisambaratike, ukumbi ukalipuka makofi na vigelegele. Tatizo yeye cheti chake kimeandikwa Animal Husbandry, yaani ufugaji, na shemeji zake pale mezani wakaanza kumtania eti kasomea kuolewa na ng'ombe. Sasa anauliza, MC yuko sahihi? Kama yuko sahihi mifugo imeingiaje kwenye ndoa? Mwanamke anaweza kweli kubeba neno lenye mume ndani yake? Na kwenye CV alifiche au aliache?

Nianze na MC. Nusu ya kwanza yuko sahihi, "hus" ni nyumba kweli, hapo hamna ubishi. Nusu ya pili ndo kachemka. Hiyo "band" ya mwisho sio mkanda, sio kamba, sio pingu za maisha. Wahubiri na ma-MC wanaipenda sana hii tafsiri maana inaingia vizuri kwenye mawaidha ya ndoa, na mimi sina ugomvi na mawaidha, ila historia ya neno ni kitu kingine kabisa na ukiijua utaona kwanini ng'ombe wana haki ya kuwepo humo kuliko hata bwana harusi.

Neno lenyewe sio la Waingereza kwa asili. Limeletwa na watu wa Skandinavia, hawa tunaowaita Waviking, ambao walivamia kisiwa cha watawa cha Lindisfarne mwaka 793, wakaja na jeshi kubwa mwaka 865, na baadae wengi wao hawakurudi kwao, wakachukua mashamba kaskazini na mashariki mwa Uingereza wakatulia. Mwaka 1016 mpaka mfalme wa Uingereza akawa Mdenmaki, Cnut. Sasa watu wakiishi jirani miaka mia mbili, wanaoana, wanauziana kondoo, wanagombana mipaka, maneno yanahama tu bila kuomba ruhusa. Ndo maana Kiingereza kimechukua kwao vitu vya kila siku kabisa, "egg" ya yai, "knife" ya kisu, "window" ya dirisha, "law" ya sheria, mpaka "they" na "them". Na katika mzigo huo huo ikaja "húsbóndi".

"Hús" ni nyumba. "Bóndi" limefupishwa kutoka "búandi", na hilo linatokana na kitenzi "búa" ambacho maana yake ni kukaa mahali, kuwa na makazi, kuendesha mji wako. Kwahiyo húsbóndi ni mtu anayekaa kwenye nyumba kama mwenyewe. Mwenye mji. Ukimsikia karani wa sensa anabisha hodi anauliza "mkuu wa kaya ni nani?" basi huyo anamtafuta húsbóndi. Swali la kwanza sio umeoa au hujaoa. Húsbóndi angeweza kuwa mjane, angeweza kuwa kapera mwenye shamba lake na watumishi wake, ilimradi ana nyumba na ardhi na watu chini ya paa lake. Na bóndi kwa wale watu alikuwa na heshima yake, sio mtumwa na sio chifu, ni mkulima huru mwenye ardhi ambaye kwenye baraza la watu anasimama anaongea. Mpaka leo ukienda Iceland "bóndi" ni mkulima, na hawa wa Norway, Sweden na Denmark wanasema "bonde". Iceland wana hata siku ya bóndi, inaangukia Ijumaa mwezi wa kwanza katikati ya baridi kali, wake wanawapikia waume zao vizuri, maana kule nako mkulima na mume wamegongana kwenye neno moja.

Utaniuliza nna uhakika gani kwamba sio mkanda. Angalia maandishi. Kwenye Kiingereza cha kale kuanzia karibu na mwaka 1000 neno linaandikwa "husbonda", na "o" kabisa, na kule kwa Wanoski, hao hao Waskandinavia wa zamani, neno la mkanda lilikuwepo, "band", na halikuwa neno moja na "bóndi" ambalo "o" yake inavutwa. Hayo maneno mawili yalikuwa yanaishi mtaa mmoja bila undugu. Sasa Kiingereza kinapiga mkazo silabi ya mwanzo, kinagonga "hus" alafu kinameza kinachofata, kwahiyo ile "bonda" ikafifia ikawa "bond", ikafifia tena watu wakaanza kuandika "band", na leo ukimsikiliza Mwingereza hata hiyo "a" hasemi, anasema kitu kama "hazbnd". Mkanda umeonekana baada ya neno kuchakaa.

Na hiyo "haz" ya mwanzo nayo ina kisa. Zamani nyumba ilitamkwa "huus", u ndefu. Neno likiwa peke yake, ile u ndefu ikabadilika taratibu kwa karne kadhaa ikawa "haus" hii ya leo. Ila kwenye "husbonda" baada ya u kuna s na b zimefatana, na Kiingereza kilikuwa na kawaida ya kufupisha vokali ikibanwa na konsonanti mbili, kwahiyo u ikafupishwa mapema, na mabadiliko yalipokuja kuchukua u ndefu zote hii ilishatoka kwenye foleni. Ndo maana masikio yetu hayasikii nyumba ndani ya "husband" mpaka mtu atuonyeshe.

Kitu hicho hicho kilimpata mama mwenye nyumba. Alikuwa anaitwa "huswif", nyumba na mwanamke, cheo kamili cha heshima, mwenye funguo za ghala. Likafupishwa mdomoni likawa "huzzif", mwishowe "hussy". Karne ya 16 hussy bado ni mama wa nyumba anayejiheshimu, karne ya 17 limeanza kuelemea kwa binti mtundu, na sasa ukimwita mwanamke hivo umemtukana, ni kama kusema malaya. Waingereza ikabidi walisuke upya neno kutoka kwenye maandishi, "housewife", ili wapate la kumwita mama wa watu. Yaani neno la baba mwenye nyumba na la mama mwenye nyumba yalianza ngazi moja, la baba likabaki na suti yake na la mama likasukumwa mtaroni. Hii sio bahati mbaya, angalia na "mistress", nalo lilianza kama cheo cha mwanamke anayetawala nyumba na leo likitajwa watu wanawaza mchepuko.

Haya, ndoa imeingia lini? Hapo zamani mume kwa Kiingereza aliitwa "wer", ambayo ni mwanaume tu, au "ceorl". Mke aliitwa "wif", ambayo ni mwanamke tu, awe kaolewa au hajaolewa, na mabaki yake unayaona kwenye "midwife", mkunga, ambapo "mid" ni "pamoja na", yaani mwanamke anayekuwa pamoja na mzazi. "Wer" ikaanza kufa, na sababu sio ngumu kuiona, nyumba nyingi yule anayetawala mji ndo huyo huyo mwanaume wa yule mama, ukimtaja mwenye mji umemtaja mume, kwahiyo kufika karne ya 13 "husband" imeshaanza kushika kazi ya mume wa mtu. "Wer" ikazikwa, imebaki kwenye "werewolf", mtu anayegeuka mbwa mwitu, na imejificha kwenye "world", dunia, ambayo mwanzo ilikuwa "wer" na "eald", zama za binadamu.

Ndo maana "husband and wife" ukiipima vizuri ni jozi iliyoinama upande mmoja. Huku ni mwenye mji, huku ni mwanamke. Jozi iliyokaa sawa zaidi ni "man and wife", ambayo Kanisa la Uingereza liliiweka kwenye ibada yake ya ndoa, na watu siku hizi wanaona kama dharau kwa mwanamke ila kihistoria ilikuwa ni mwanaume na mwanamke, basi.

Kwa kuwa tuko harusini bado, huyo "bridegroom" naye MC asije akamfanyia mahubiri. Kuna wanaosema groom ni mtu wa kutunza farasi kwahiyo bwana harusi anatunza bibi harusi. Hapana. Zamani ilikuwa "brydguma", bibi harusi na "guma", mwanaume. "Guma" lilipokufa watu wakawa hawalielewi, karne ya 16 wakalibadilisha na neno lililofanana nalo, "groom", kijana wa kazi. Lugha inachukia kutamka kitu isichokielewa, inakibandika maana ya karibu. Ni ugonjwa ule ule wa MC, tofauti ni kwamba huyu wa "groom" alifanikiwa mpaka tahajia ikakubali.

Sasa ng'ombe. Húsbóndi kazi yake ni nini asubuhi akiamka? Ardhi, mbegu, mifugo, watumishi, ghala, kuhakikisha msimu wa baridi chakula hakiishi. Kazi hiyo ya kuendesha mji ndo ikaitwa "husbandry", neno limeonekana karibu mwaka 1300, mwanzo likiwa na maana ya usimamizi wa nyumba, na ndani ya karne hiyo likawa kilimo na ufugaji. Mkulima akaitwa "husbandman". Mwaka 1523 kikachapwa Uingereza kitabu cha husbandry, na ndani ni mambo ya jembe la kukokotwa na magonjwa ya kondoo, sio ushauri wa ndoa. Kwahiyo dada yangu, mifugo haikuingia kwenye ndoa. Shamba lilikuwepo kwanza, ndoa ndo imehamia shambani ikakuta ng'ombe wako zizini wanacheua.

Kama una Biblia ya Kiingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, fungua Yohana 15:1, Yesu anasema Baba yake ni "husbandman". Mtu asiyejua anashtuka. Alafu fungua ya Kiswahili, Union Version: "Mimi ndimi mzabibu wa kweli, na Baba yangu ndiye mkulima." Mwanzo 9:20 vilevile, Nuhu kwa Kiingereza kile alianza kuwa "husbandman", kwa Kiswahili alianza kuwa mkulima akapanda mizabibu, na mke alikuwa nae toka kwenye safina kwahiyo haiwezi kuwa habari ya kuoa. Na 1 Wakorintho 3:9, pale Paulo anapowaambia waumini "ye are God's husbandry", Kiswahili kimesema "ninyi ni shamba la Mungu". Waliotafsiri Kiswahili walijua kabisa wanashika nini. Nikipata nafasi ya kumjibu MC kwa aya moja tu namrushia hiyo ya Wakorintho.

Kuna maana ya tatu watu wengi hawaijui, kubana matumizi. "To husband" kama kitenzi ni kutumia kitu kwa hesabu, kutofuja, kwa sababu mwenye mji mzuri hamalizi ghala mwezi wa pili. Kwenye Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kuna usiku mmoja hauna nyota hata moja, mhusika mmoja anaitwa Banquo anasema mbinguni kuna "husbandry", wamezima mishumaa yote. Yaani wanabana matumizi kule juu. Na kwenye biashara ya meli kulikuwa na "ship's husband", na huyu sio mume wa nahodha, ni wakala wa wenye meli, anayeshughulikia matengenezo, chakula cha mabaharia, makaratasi na hesabu meli ikifika bandarini.

Wala usidhani hilo neno ni la makumbusho tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999, ukisoma masharti ya mtu aliyepewa hakimiliki ya kimila kwa ajili ya kilimo, anatakiwa alime kwa kufuata "good husbandry" kama ilivyo desturi ya eneo lile. Mwanamke mwenye hati ya kimila anabanwa na hiyo husbandry sawa sawa na mwanaume, na hakuna mwanasheria aliyewahi kumuuliza mume wake yuko wapi ili sharti litimie.

Nigusie na huyu bóndi maana kisa chake kinauma. Nimesema alikuwa mtu huru. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, ardhi ikagawiwa kwa mabwana wapya, na yule mkulima mdogo aliyekuwa anaitwa "bonda" taratibu akajikuta yuko chini ya bwana, analima ardhi ambayo hawezi kuiacha. Jina lake likashuka nae. Kutoka mkulima huru likawa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya mtu, na hali yake ikaitwa "bondage", utumwa. Watu wote wanaamini "bondage" ni minyororo, imetoka kwenye kufunga, na kweli lile neno la kufunga limekuja kuisukuma maana baadae, ila mzizi ni huyu huyu mkulima wa nyumba. Neno moja limeingia milango miwili, likiwa na "hus" mbele limekuwa baba mwenye mji, likiwa peke yake limekuwa mtumwa.

Na ndugu za huyu "búa" wametapakaa mpaka kwetu. Waholanzi mkulima wao ni "boer", mzizi ule ule wa kukaa na kulima. Wakulima wa Kiholanzi wa Afrika Kusini wakajiita Boers, na sisi kwa Kiswahili tukapata Kaburu na Makaburu. Wengine walipanda na magari yao ya ng'ombe wakaishia Uasin Gishu mwaka 1908, huko Eldoret. Kwahiyo ukisema "kaburu" na ukisema "husband" umetaja ukoo mmoja, na hapo nawaachia wenye ndoa ngumu wacheke wenyewe. Mwingine ni "by", kijiji kwa Wanoski, mahali watu wamekaa, ambayo iko mwishoni mwa majina ya miji kama Whitby, Grimsby na Derby. Derby ni kijiji cha kulungu. Jina hilo ndo limetupa neno "dabi" tunalopigia kelele Simba na Yanga wakikutana, kwahiyo hata Kariakoo yule mkaaji wa Kinoski ana tiketi.

Sasa swali la mwanamke, na hapa ndo nataka dada yangu usome taratibu alafu uwapigie shemeji zako. Kuna tafsiri ya kitabu cha Kutoka kwa Kiingereza cha kale. Sura ya 3 aya ya 22, Mungu anamwambia Musa kwamba kila mwanamke wa Israeli ataomba vyombo vya fedha na dhahabu kwa jirani yake na kwa yule mwanamke mwenye nyumba anamokaa. Kilatini walichotafsiri kutoka kwake kinasema "hospita", mwenyeji wa kike, hakuna utata wa jinsia hapo. Mfasiri akaandika nini? "Husbonde". Jinsia ya kike, mama mwenye mji. Na jirani kwenye aya hiyo hiyo ni "nehgebur", ambayo ndo "neighbour" ya leo, "mkaaji wa karibu", ukoo ule ule wa kukaa. Kwahiyo katika maandishi ya mwanzo mwanzo kabisa ya neno hili, husband aliweza kuwa mwanamke mwenye nyumba yake na vyombo vyake vya kuazimwa. Baadae wanaume wakabaki nalo peke yao wakafunga mlango.

CV usiibadilishe. Vyuo vingi siku hizi vimehamia Animal Science au Animal Production, ila cheti chako kimeandikwa Animal Husbandry na jina la kwenye CV inabidi lifanane na la kwenye cheti, la sivyo mtu wa ajira atadhani umedanganya. Ukitaka ongeza mstari mmoja chini unaosema ni uzalishaji na afya ya mifugo, kwa ajili ya mabosi wasio wa fani. Na shemeji akirudia utani wa ng'ombe mwambie wewe ndo mwenye mji, yeye ni mgeni tu hapo mezani, apitishe sinia la pilau.